Balbi na jumba bovu la Exomvourgo

Mwaka 1715 Bernardo Balbi, gavana wa mwisho wa dola ya Venice, ya Italia, katika kisiwa cha Tinos, Ugiriki, alirudi kwao akiwa mzima, na hilo ndilo lililomponza. Wakubwa wake walitaka kujua imekuwaje ngome iliyowahi kuwashinda Waturuki, iliyojengwa juu ya jabali ambalo hata mbuzi hulipanda kwa tahadhari, ikabidhiwe kwa adui ndani ya siku chache. Ikasemwa alihongwa. Akafungwa maisha, na tangu hapo jina lake likawa jina la mtu aliyeuza ngome.

Mimi nadhani mzee huyu aliangushiwa jumba bovu, na ningependa kueleza kwa nini.

Naishi Athens, na Tinos haiko mbali. Unapanda meli ya abiria bandari ya Rafina, unapita Andros, na baada ya saa chache unashukia kwenye mji mweupe uliojaa maduka ya mishumaa. Watu wengi huja pale kwa ajili ya kanisa la Bikira Maria, na nitalifikia baadaye. Mimi kilichonivuta ni kile kinachoonekana nyuma ya mji, ndani kabisa ya kisiwa: jabali moja kubwa la matale, limesimama peke yake, zaidi ya mita 500 juu ya bahari, na kilele chake kimekatika ghafla. Hilo ndilo Exomvourgo. Ukiwa melini unaliona kabla hujaiona bandari. Waturuki nao waliliona hivyo hivyo.

Njia ya kupanda inaanzia kwenye kanisa la Kikatoliki la Moyo Mtakatifu, lililo chini ya mwamba. Mwanzoni ni ngazi za mawe, halafu kinabaki kinjia tu kati ya miiba na mawe yaliyoporomoka. Haichukui muda mrefu, lakini upepo ukikukuta pale hutausahau. Wagiriki wa kale walisema upepo wa kaskazini, Boreas, una mambo yake na kisiwa hiki; katika masimulizi yao shujaa Herakles aliwaua wana wawili wa Boreas papa hapa Tinos. Wakati wa kiangazi kuna upepo uitwao meltemi ambao huvuma kutoka kaskazini siku kwa siku, anga likiwa safi bila wingu. Nilipofika kwenye lango la ngome ilibidi niushike ukuta kwa mikono miwili.

Kilichobaki juu huko ni kidogo, na ni kingi pia. Kuta zimebaki vipande vipande. Kuna vyumba visivyo na paa, vingine vimebakiwa na pembe moja tu, na ukitazama kwa makini unaona matundu ukutani ambamo boriti za dari zilikaa. Kuna birika la maji ya mvua ambalo lipu yake bado imeshika. Nilichuchumaa nikaipapasa: laini, ngumu, imepakwa mpaka kwenye kona kwa mviringo ili maji yasipate pa kupenya. Fundi aliyeipaka alijua kwamba hakuna chemchemi juu ya jabali, na kwamba siku adui akifika, hesabu ya siku ambazo watu wataweza kukaa humo itategemea kazi ya mkono wake. Kwenye kilele kabisa kuna msalaba mkubwa. Ukisimama chini yake unaona Syros, Mykonos, Delos, Andros, na siku ya hewa safi unaona Naxos na Paros. Hakuna chombo ambacho kingekatiza bahari ile bila kuonekana na mlinzi aliyekaa hapo.

Sababu hiyo ndiyo iliyowaleta watu hapa zamani sana, kabla hata Venice haijawa mji. Kwenye miteremko ya Exomvourgo kulikuwa na makazi ya kale ya Wagiriki, yenye ukuta wa mawe makubwa kupita kiasi, na mahali pa kumwabudia Demeter, mungu wa mavuno. Wachimbaji wa mambo ya kale walianza kazi ya kweli hapa katikati ya karne ya 20, wakiongozwa na Nikolaos Kontoleon, wakatoa ardhini mitungi mikubwa ya kuhifadhia chakula, ya karne ya 7 kabla ya Kristo, iliyopambwa kwa picha zilizofinyangwa zikachomoza. Mmoja uko kwenye jumba la makumbusho la mjini. Mtu mwenye mabawa ameketi kitini, mikono juu, na kutoka kichwani mwake anachomoza mwingine mdogo mwenye silaha. Wengi wanauona kuwa ni kuzaliwa kwa Athena, mungu wa kike aliyetoka kichwani mwa baba yake Zeus. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Baadaye, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, mji ukahamia pwani, na jabali likabaki na wachungaji kwa karne nyingi.

Watu wa Magharibi walipouteka Constantinople, mji mkuu wa dola ya Kigiriki ya Wabizanti, mwaka 1204 na kugawana mali zake, visiwa vya Aegean, bahari inayoizunguka Tinos, viliachwa kwa yeyote mwenye merikebu na ujasiri wa kwenda kuvichukua. Ndugu wawili wa ukoo wa Ghisi wa Venice, Andrea na Geremia, walikwenda mwaka 1207, na Tinos na Mykonos zikaangukia kwa Andrea. Ukoo huo ulitawala kutoka kwenye jabali kwa karibu miaka 180. Wa mwisho wao, Giorgio, alifariki mwaka 1390 bila mrithi, akaviacha visiwa mikononi mwa Jamhuri ya Venice.

Venice ninayoizungumzia hapa ndiyo ile ile ambayo mafundi wake wa kioo walitengeneza shanga zilizobebwa na misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda bara. Ilikuwa dola ya wafanyabiashara. Ilipima kila kitu kwa faida na gharama, na hata Tinos ilipimwa hivyo. Mwanzoni haikuwa na hamu kubwa ya kuitawala yenyewe. Wenyeji ndio walioomba wasikabidhiwe kwa mabwana wengine, wakataka kuwa chini ya Jamhuri moja kwa moja. Ombi hilo nalikumbuka kila nikisoma kuhusu mwisho wake. Hawa watu waliichagua Venice.

Kwa zaidi ya miaka 300 iliyofuata, maisha ya Tinos yaliizunguka ngome hii, iliyopewa jina la Mtakatifu Helena. Usiichukulie kuwa kambi ya askari tu. Ndani ya kuta kulikuwa na mji: nyumba zilizobanana, makanisa, ofisi ya gavana, maghala. Nje, vijiji vilijengwa kwenye mabonde na nyuma ya vilima, mahali ambapo mtu aliye baharini hawezi kuviona, kwa kuwa maharamia walikuwa wakija kuchukua watu na kuwauza utumwani. Wanakijiji walipewa zamu za ulinzi. Ishara ikitolewa, waliacha majembe, wakachukua watoto na mifugo, wakapanda. Ukipita leo vijiji vya Xinara, Koumaros, Loutra na Volax, vyote viko karibu na mwamba, unaweza kukadiria mwenyewe ingemchukua muda gani mama mwenye mtoto mgongoni kufika langoni. Mimi nililikokotoa hilo nikitembea kutoka Koumaros, na jibu halikunifurahisha.

Karne ya 16 ilikuwa karne ya kupoteza. Mwaka 1537 amiri Hayreddin Barbarossa alipita kwenye visiwa akivikusanya kimoja baada ya kingine. Mykonos ikaenda. Naxos na visiwa vilivyoitegemea vikawa vikilipa kodi kwa sultani, na mwaka 1566 mtawala wake wa mwisho wa ukoo wa Magharibi akaondolewa. Mwaka 1570, Waturuki walipokuwa njiani kuichukua Cyprus, kikosi cha Piyale Pasha kilishuka Tinos. Gavana wa wakati huo, Girolamo Paruta, aliwapokea wanakijiji ndani ya kuta na kukataa kufungua. Vijiji vikachomwa moto, mashamba yakaharibiwa, lakini jabali halikupandika, na adui akaondoka. Huyo Paruta alisifiwa sana, na alistahili. Ila alikuwa na watu wa kutosha na silaha, na nyuma yake kulikuwa na Venice iliyokuwa bado na kisiwa kikubwa cha Crete, mahali ambapo manowari zingeweza kutokea.

Halafu Crete nayo ikaenda. Mzingiro wa Candia, mji wake mkuu, uliendelea kutoka 1648 hadi 1669, na ulipokwisha Venice ilibakiwa na vingome vichache kwenye pwani ya Crete na, huku juu katikati ya Aegean, Tinos peke yake. Ramani ya mwaka 1700 inasikitisha kuitazama: katikati ya Aegean visiwa vyote ni vya sultani, na ndani yake nukta moja ya Venice.

Mwaka huo huo wa 1700 alifika mgeni ambaye namshukuru sana. Joseph Pitton de Tournefort alikuwa Mfaransa, bingwa wa mimea, aliyetumwa na mfalme Louis wa 14 kutafuta mimea ya Mashariki. Alikuwa na jicho la mtu aliyezoea kuhesabu petali, kwa hiyo alihesabu na mengine. Alipanda kwenye ngome, akaona kama nyumba 500 ndani yake, akasifu kilimo cha kisiwa na hariri yake. Kisha akawahesabu askari. Walikuwa 14, wamevaa vibaya, na 7 kati yao walikuwa Wafaransa waliotoroka jeshi.

Soma tena. Ngome ya mwisho ya Venice katikati ya Aegean, yenye kazi ya kulinda kisiwa kizima chenye vijiji zaidi ya 40, ilikuwa na askari 14, na nusu yao walikuwa watu ambao tayari walikwisha kulikimbia jeshi la kwao. Hii ni miaka 15 kabla ya Balbi. Mambo haya hayakuwa siri. Mgeni aliyekuja kutafuta maua aliyaona kwa kupanda tu mlimani. Na Venice iliyaona pia, maana kila gavana aliyemaliza muda wake alitakiwa kutoa taarifa kwa serikali. Dola iliyojua hali hiyo ikaiacha ikae hivyo haina mdomo wa kuuliza baadaye kwa nini lango lilifunguliwa.

Katika miaka hiyo fedha zilikuwa zikienda kwingine. Mwaka 1699 Venice ilithibitishiwa umiliki wa Morea, ile rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, na ikaanza kujenga huko kwa nguvu zake zote. Juu ya mji wa Nafplio ilijenga Palamidi, kazi iliyoanza 1711 na kumalizika 1714, ngome ya kisasa kuliko zote ilizokuwa nazo upande ule. Mwezi Desemba wa 1714 sultani akatangaza vita.

Mwanzoni mwa Juni 1715 manowari za Kituruki zilitokea mbele ya Tinos, chini ya mkuu wa majeshi ya majini, Canım Hoca Mehmed Pasha. Kundi lake lilikuwa na manowari 80 au karibu na hapo. Jaribu kusimama chini ya ule msalaba uone bahari ya kusini ikijaa matanga. Hapakuwa na msaada uliokuwa njiani. Manowari za Venice hazikuwa na nguvu ya kutosha kwenda kupambana nazo. Balbi akaombwa ajisalimishe kwa masharti. Akakubali. Yeye na askari wake wakaruhusiwa kuondoka na heshima zao.

Kuna mzee mchunga mbuzi niliyekutana naye nikishuka, karibu na Koumaros. Aliponiuliza nimetoka wapi, nikamweleza, akafurahi, akanikaribisha nikae kivulini. Tulipoanza kuzungumzia ngome sauti yake ilibadilika.

"Yule gavana alituuza, mwanangu," aliniambia. "Wazee wetu walikuwa tayari kupigana. Jabali kama lile utalipandaje na watu wako juu wanakuporomoshea mawe?"

"Mzee wangu, na chakula? Na maji?"

"Walikuwa nayo."

"Kwa muda gani?"

Akanyamaza kidogo, akasema babu zake wangekula hata nyasi. Sikubishana naye. Ni hasira iliyorithiwa kwa miaka 300, na mimi mgeni sina haki ya kuichezea. Nadhani pia ana hoja: wanakijiji wa Tinos walikuwa wamepigana mara nyingi kuliko askari wa kulipwa, na habari zinaonyesha kwamba wengi hawakutaka kujisalimisha. Kama kuna jambo la kumlaumu Balbi, ni kwamba hakuwategemea hao.

Lakini tazama yaliyotokea majuma machache baadaye. Jeshi la nchi kavu la waziri mkuu wa sultani, Silahdar Damat Ali Pasha, liliingia Morea. Akrokorintho, jabali kubwa lenye ngome juu ya mji wa Korintho, lilisalimu amri mwanzoni mwa Julai, na hata hivyo watu wake wakauawa baada ya ghala la baruti kulipuka. Palamidi, ile mpya yenye kuta zilizokuwa hazijakauka vizuri, ilitekwa mwezi huo huo baada ya siku chache tu za mzingiro, na Nafplio ikaporwa, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa utumwa. Monemvasia, mwamba ndani ya bahari ambao umbo lake peke yake linaogopesha, ulijisalimisha bila vita. Vingome vya mwisho vya Crete, Souda na Spinalonga, navyo vikaenda mwaka huo. Morea yote ilipotea katika kiangazi kimoja. Ukiweka majina haya yote mezani, inakuwa vigumu kusema kosa lilikuwa la mtu mmoja aliyekuwa kwenye kisiwa kilicho mbali kuliko vyote.

Na kuna Corfu. Baada ya hasara za 1715 Venice ilishtuka, ikamwajiri jenerali Mjerumani, Johann Matthias von der Schulenburg, ikampa askari, fedha na madaraka ya kuimarisha kuta za Corfu. Waturuki walipofika huko mwaka 1716 walikuta ngome iliyoandaliwa, wakaizingira Julai na Agosti, wakashindwa, wakaondoka. Schulenburg alichongewa sanamu akiwa bado hai, na mpaka leo imesimama mbele ya ngome ya Corfu. Mimi simnyimi sifa zake. Nauliza tu Schulenburg angefanya nini akiwa Exomvourgo na wale watu 14 wa Tournefort, au hata mara 10 yao. Sidhani kama ile sanamu ingekuwepo.

Waturuki hawakukaa ngomeni. Waliilipua na kuibomoa, ili isije ikatumika tena, na mawe unayoyakanyaga ukipanda ni matokeo ya kazi hiyo zaidi ya kazi ya mvua na upepo. Baadhi ya familia za Kikatoliki zilipakiwa kwenye merikebu na kupelekwa pwani ya Afrika ya kaskazini. Katika habari zote nilizosoma, hao wanapewa sentensi moja tu, wakati Balbi anapewa ukurasa. Nimeona nilitaje hilo kwa sababu linaniuma. Mkataba wa Passarowitz wa Julai 1718, uliomaliza vita hivyo, ukaithibitisha Tinos kuwa ya sultani, Venice ikatia saini, na ndani ya gereza la Venice Balbi akaendelea kutumikia adhabu ya kupoteza kisiwa ambacho waliomfunga walikuwa wamekwisha kukiachia kwa kalamu.

Wakazi wa mji wa juu walishuka. Bandari ya San Nicolò ikakua ikawa ndio mji mkuu, ule ule unaoshukia ukifika kwa meli. Januari 1823, wakati wa vita vya uhuru wa Ugiriki, picha takatifu ya Bikira Maria ilifukuliwa shambani, na kanisa lililojengwa juu yake likaifanya Tinos kuwa mahali pa hija pakubwa kuliko pote kwa Waorthodoksi wa Ugiriki. Kila Agosti 15 maelfu hupanda barabara ya kwenda kanisani, wengine kwa magoti tangu bandarini. Wakatoliki nao hawakutoweka. Askofu wao alihamia Xinara, chini kabisa ya mwamba, na vijiji vyao bado viko, na misa bado inasomwa.

Anayetaka kupanda, basi la kutoka bandarini linapita vijiji vya karibu na jabali, na kutoka kanisa la Moyo Mtakatifu njia iko wazi. Nenda asubuhi mapema kabla upepo haujashika kasi, vaa viatu vinavyofunika kifundo, beba maji. Birika ninalolisema liko ndani ya kuta, baada ya lango, na halina uzio wala kibao, kwa hiyo angalia unapokanyaga.